Sura ya 6: Kizunguzungu cha Sikio na Kizunguzungu cha Kiharusi

Mtu ameamka alfajiri, nyumba inamzunguka. Anatapika, hawezi kusimama bila kushikiliwa, na akifumba macho mzunguko hauachi. Ndugu wanampakia kwenye bodaboda, mmoja amekaa nyuma akimkumbatia asidondoke, mpaka zahanati. Iwe ni Katoro, Nyarugusu, Masumbwe au Kakola, kila aliyemsindikiza anakuja na jibu lake. Mmoja anasema malaria imempanda kichwani. Mwingine anasema ni presha. Wa tatu anakumbuka kwamba mgonjwa amekuwa akilalamikia masikio tangu aanze kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Na yupo anayenong'ona kwamba hapo kuna mkono wa mtu.

Swali wanalomuuliza mhudumu ni moja: kizunguzungu hiki kimetokana na nini, na ni cha hatari au kitapita?

Kizunguzungu kingi hupita. Lakini kipo kinachotokana na kiharusi cha shina la ubongo, na huyu ndiye mgonjwa anayerudishwa nyumbani na vidonge vya kuzuia kutapika, kisha analetwa tena kesho yake akiwa hawezi kumeza, au akiwa hana fahamu. Kumtofautisha na mwenye ugonjwa wa sikio kunawezekana. Na jambo ambalo kila mtu wa Shinyanga na Geita anapaswa kulijua ni kwamba, katika siku mbili za mwanzo, kipimo kinachofanywa kwa mikono na macho ya mhudumu aliyefundishwa kinaweza kuona kile ambacho mashine ya mabilioni ya shilingi imekikosa.

Vitu viwili vinavyokuweka wima

Ndani kabisa ya mfupa wa fuvu, mbali na sikio tunaloliona, kuna kiungo kidogo kilichojaa majimaji. Hicho ndicho sikio la ndani, na kina kazi mbili. Sehemu yake moja husikia. Nyingine hupima mwendo wa kichwa: mifereji mitatu iliyopinda hupima kila mgeuko, na vifuko viwili vyenye chembe za chokaa hupima mwinamo, na pia mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu na chini.

Masikio yote mawili hutuma taarifa muda wote, hata ukiwa umelala. Mkulima wa Usukuma atalielewa jambo hili upesi, kwa sababu ni maksai wawili wanaokokota jembe moja. Wakivuta kwa nguvu sawa, mtaro unanyooka. Mmoja akilegea, jembe linapinda, ingawa mwenzake ni mzima kabisa. Vivyo hivyo sikio moja likinyamaza ghafla: ubongo unapokea taarifa nyingi za upande mmoja na chache za upande wa pili, unaamini kwamba kichwa kinazunguka, na wewe uliyelala kitandani unaiona dari ikikimbia.

Taarifa hizo hupokelewa na shina la ubongo. Hiki ni kipande chenye urefu wa takribani sentimita 7 au 8 kinachounganisha ubongo mkubwa na uti wa mgongo. Ni kidogo, lakini hakuna sehemu ya mwili yenye mambo mengi mahali padogo namna hiyo. Humo kuna vituo vya kupumua, vya mapigo ya moyo, vya kumeza na vya kuendesha macho. Humo hupita neva, yaani nyuzi zinazobeba taarifa, za mikono na miguu yote. Nyuma yake umekaa ubongo wa nyuma, ambao kazi yake ni kuratibu mwendo ili hatua zisiyumbe na mkono ufike unapokusudia.

Ili uone kazi ya pamoja ya sikio na shina la ubongo, fanya jaribio hili sasa hivi. Shika kitabu hiki bila kukitikisa, halafu tikisa kichwa chako kushoto na kulia huku ukisoma. Maandishi yanasomeka. Sasa tuliza kichwa, utikise kitabu kwa kasi ileile. Hayasomeki tena. Katika jaribio la kwanza sikio liliupima mgeuko, likalijulisha shina la ubongo, nalo likayageuza macho upande wa pili kwa kiasi kilekile, yote hayo katika muda usiozidi sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndiyo maana abiria wa bodaboda katika barabara ya makorongo bado anaweza kusoma bango la duka. Kumbuka jaribio hili, kwa sababu kipimo kikuu cha sura hii kimejengwa juu yake.

Kiharusi kisichopoozesha mkono

Kiharusi ni hali ya sehemu ya ubongo kukosa damu ghafla, ama kwa sababu mshipa wa damu umeziba, ama kwa sababu umepasuka. Watu wengi wanakijua kwa sura moja: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kutotoka vizuri. Sura hiyo ni ya kweli, lakini si ya viharusi vyote. Karibu kiharusi kimoja kati ya vitano vinavyotokana na mshipa kuziba hutokea katika mishipa ya nyuma, inayopanda kupitia shingoni na kulisha shina la ubongo na ubongo wa nyuma. Hapo mkono unaweza kubaki na nguvu zake zote huku mgonjwa akishindwa kukaa.

Mwaka 1895 daktari Adolf Wallenberg, katika mji wa Danzig, alieleza mgonjwa ambaye dalili zake hadi leo hufundishwa kwa jina lake. Mshipa unaolisha ubavu wa sehemu ya chini ya shina la ubongo ukiziba, mgonjwa hupata kizunguzungu, huyumba na kuangukia upande mmoja, sauti hukwama, chakula hupalia, kope la jicho moja hushuka, na kwikwi humshika isimwachie. Uso hufa ganzi upande mmoja, na mwili upande wa pili. Akioga maji ya moto, ubavu mmoja unahisi joto na mwingine hauhisi. Dalili za namna hii ndizo zinazowafanya ndugu waamini kwamba ugonjwa si wa kawaida. Ni wa kawaida. Zimechanganyika hivyo kwa sababu katika shina la ubongo nyuzi za kazi tofauti zimebanana mahali pamoja.

Tanzania si nchi ya viharusi vichache. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006, baada ya kuzingatia tofauti za umri, ulionyesha takribani watu 316 kati ya kila 100,000 jijini Dar es Salaam wakipata kiharusi cha kwanza kwa mwaka, na 109 katika wilaya ya Hai. Sababu kubwa ni presha isiyotibiwa. Kanda ya Ziwa ina jambo la ziada la kuangalia: selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu na kuzifanya zizibe mishipa. Utafiti wa Hospitali ya Bugando kwa watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa nchi, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano amerithi kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo usiseme "huyu bado kijana" ukaliondoa wazo la kiharusi.

Kwa kifupi:
- Sikio la ndani hupima mwendo. Shina la ubongo huzipokea taarifa na kuyaendesha macho.
- Tatizo la sikio na tatizo la shina la ubongo huleta kizunguzungu kinachofanana.
- Kiharusi cha nyuma kinaweza kuuacha mkono na mdomo vikiwa salama.

Vipimo vitatu vya macho

Kwa kuwa kizunguzungu chenyewe kinafanana, mhudumu hawezi kutegemea maelezo ya mgonjwa peke yake. Anaangalia macho. Vipimo vyenyewe ni vitatu, na pamoja hujulikana duniani kwa jina la mkato la HINTS. Vinamfaa mgonjwa ambaye kizunguzungu kimeanza ghafla, hakijakoma kwa saa nyingi, na macho yake yanacheza. Havimfai anayepata mzunguko wa nusu dakika akigeuka kitandani; huyo tutamrudia.

*Kipimo cha kwanza: kukigeuza kichwa ghafla.* Kilielezwa mwaka 1988 na Michael Halmagyi na Ian Curthoys wa Sydney, Australia. Mhudumu anakaa mbele ya mgonjwa, anakishika kichwa chake kwa mikono miwili, na kumwambia, "Baba, tazama pua yangu, usiiache." Kisha anakigeuza kichwa kidogo tu, lakini kwa kasi, upande ambao mgonjwa hakuutarajia. Kama sikio la upande huo limeharibika, macho huenda na kichwa, yanaiacha pua, halafu yanaruka kurudi. Mruko huo unaonekana kwa macho matupu. Kama sikio ni zima, macho hubaki puani.

Hapa ndipo penye mtego, na ndipo nataka msomaji asimame. Tumezoea kwamba kipimo kikitoka kizuri, tunashukuru Mungu na kwenda nyumbani. Kwa mgonjwa anayezunguzika bila kukoma, kipimo hiki kikitoka kizuri ndiyo habari mbaya. Maana yake masikio yanafanya kazi sawasawa, na chanzo kinapaswa kutafutwa ubongoni. Mruko wa macho, ambao unaonekana kuwa kasoro, ndio unaoelekeza kwenye sikio.

*Kipimo cha pili: mwelekeo wa macho kucheza.* Macho yanapocheza, yanateleza polepole upande mmoja kisha yanarushwa upande wa pili, tena na tena. Madaktari huita hali hii nistagmasi. Mhudumu humwomba mgonjwa atazame kushoto, kisha kulia. Katika ugonjwa wa sikio, macho hurushwa upande uleule mmoja popote mgonjwa anapotazama. Katika kiharusi, mwelekeo unaweza kubadilika: akitazama kulia yanarushwa kulia, akitazama kushoto yanarushwa kushoto. Macho yanayocheza juu na chini pekee nayo yanaelekeza ubongoni.

*Kipimo cha tatu: kufunika jicho moja kwa zamu.* Mgonjwa anatazama pua ya mhudumu. Mhudumu anafunika jicho la kulia, kisha la kushoto, kwa kubadilishana. Kama jicho linalofunuliwa linasogea juu au chini ili kulipata lengo, macho hayakai tena kwenye mstari mmoja. Kwa mgonjwa wa aina hii, dalili hiyo hudokeza shina la ubongo. Haionekani kwa kila mwenye kiharusi, lakini ikionekana wazi isipuuzwe.

Kigezo ni hiki: ili chanzo kihesabiwe kuwa ni sikio, majibu yote matatu lazima yaelekeze kwenye sikio. Hata jibu moja likielekeza ubongoni, mgonjwa anashughulikiwa kama mwenye kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo.

Mambo mawili ya kuongeza

La kwanza ni kusikia. Mhudumu anasugua vidole vyake karibu na kila sikio na kuuliza kama mgonjwa anasikia. Uziwi wa ghafla wa sikio moja pamoja na kizunguzungu unaweza kutokana na sikio lenyewe, lakini pia unaweza kutokana na kiharusi, kwa sababu mshipa unaolilisha sikio la ndani kwa kawaida ni tawi la mshipa unaolisha sehemu ya kati ya shina la ubongo na kipande cha ubongo wa nyuma. Mshipa huo ukiziba, sikio na ubongo vinakosa damu pamoja. Katika hali hiyo kipimo cha kukigeuza kichwa kinaweza kuonyesha mruko na kumdanganya mhudumu aseme "ni sikio tu". Kusikia ndiko kunakomwamsha.

La pili ni kukaa. Mwombe mgonjwa akae ukingoni mwa kitanda, mikono ameikunja kifuani. Mwenye ugonjwa wa sikio huyumba, huchukia kusogea, lakini kwa kawaida hukaa, na husimama ingawa kwa shida. Asiyeweza kabisa kukaa bila kushikwa, anayedondoka kama hana mhimili, ana dalili nzito ya tatizo la ubongo. Hiki ni kipimo ambacho hata ndugu wanaweza kukieleza kwa mhudumu: "Tangu asubuhi hajaweza kukaa mwenyewe."

Kwa nini picha pekee haitoshi

Mwaka 2009 Jorge Kattah, David Newman-Toker na wenzao nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 101 wenye kizunguzungu kisichokoma, kila mmoja akiwa na angalau jambo moja la kumweka katika hatari ya kiharusi, kama presha au kisukari. Kati yao, 76 walikuwa na tatizo la ubongo, karibu wote kiharusi. Vipimo vitatu vya macho havikumkosa hata mmoja wao. MRI, mashine inayopiga picha za ubongo kwa nguvu ya sumaku, katika picha ya kwanza ilikosa asilimia 12 ya viharusi vilivyotokana na mshipa kuziba, na wote iliowakosa walikuwa wamepigwa picha kabla ya saa 48 kupita.

CT-Scan, inayotumia mionzi, ndiyo ambayo sasa inapatikana zaidi katika hospitali za rufaa za mikoa. Ina kazi kubwa: huonyesha damu iliyovuja ndani ya ubongo, na bila kujua hilo daktari hawezi kuchagua dawa kwa usalama. Lakini kwa mshipa ulioziba kwenye shina la ubongo, picha ya CT katika saa za mwanzo mara nyingi hutoka safi, kwa kuwa eneo lenyewe ni dogo na limezingirwa na mifupa minene inayoififisha picha. Familia ikiambiwa "picha haina kitu" huku mgonjwa hawezi kukaa wala kumeza, ina haki ya kuuliza: na macho yake yamepimwaje?

Vipimo vile vya mwaka 2009 vilifanywa na bingwa aliyezoea. Mhudumu asiyefundishwa anaweza kukosea, hasa katika kipimo cha kukigeuza kichwa. Kwa hiyo havifanywi nyumbani, na havifanywi kwa aliyeumia shingo, kwa mfano mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi. Lakini mafunzo yake hayahitaji umeme wala kifaa. Yanahitaji mwalimu, mazoezi ya kurudia, na wagonjwa wanaochunguzwa kwa makini.

Maji, ndoo na miwani

Mgonjwa akifika hospitali kubwa, vipo vipimo vingine vinavyoonyesha hasa ni wapi penye tatizo.

- *Maji sikioni.* Robert Bárány, daktari wa masikio wa Vienna, alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji na kuwaona wakizunguzika. Aligundua kwamba maji ya baridi hurusha macho upande mmoja, na ya moto upande wa pili, kwa sababu joto na baridi huyasogeza majimaji ya mfereji wa sikio la ndani. Kwa kazi yake ya kuchunguza sikio hilo alipewa Tuzo ya Nobel ya 1914, na habari zikamfikia akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Kipimo hiki hulipima kila sikio peke yake. Kwa mgonjwa aliyezimia, maji ya baridi sana yasipoyatikisa macho hata kidogo, ni ishara kwamba shina la ubongo limeumia vibaya. Hakifanywi kwa mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio, na wako wengi waliotoka usaha masikioni utotoni bila kutibiwa.

- *Ndoo.* Mgonjwa anaingiza uso kwenye ndoo isiyopitisha mwanga. Ndani, kwenye kitako, kumechorwa mstari mmoja. Mhudumu anaizungusha ndoo, na mgonjwa anasema "hapo" anapouona mstari umesimama wima. Kwa nje kuna kipimapembe na uzi wenye uzito unaoonyesha wima wa kweli. Mtu mzima mwenye afya hukosea nyuzi mbili au tatu tu. Wengi wenye kiharusi cha upande mmoja wa shina la ubongo hukosea zaidi. Kipimo hiki hakitoshi kutofautisha sikio na ubongo, maana sikio bovu nalo hupindisha wima, lakini kinaonyesha upande ulioathirika na kinasaidia kufuatilia nafuu. Wataalamu wa Ujerumani walikielezea mwaka 2009, na hakuna wilaya inayoshindwa kununua ndoo.

- *Miwani yenye kamera.* Hurekodi macho wakati kichwa kinageuzwa, na hunasa miruko ambayo macho ya mhudumu hayawezi kuiona.

- *Sauti na misuli ya shingo.* Mgonjwa anasikilizishwa milio mikali kwa kipokea sauti, na vibandiko shingoni vinapima kama misuli imeitikia. Njia ya mwitikio huo hupita kwenye kifuko kimoja cha sikio la ndani, kisha sehemu ya chini ya shina la ubongo. Mwitikio ukipotea ilhali sikio lina afya, njia imekatika ubongoni.

Ukanda wa dhahabu na vizunguzungu vyake

Kinachoifanya kazi hii iwe ngumu zaidi Geita na Kahama ni kwamba kazi ya dhahabu yenyewe ina vizunguzungu vyake. Kiharusi hujificha katikati yao. Maswali mawili hutenganisha mengi: *kilianza lini?* na *kilianza vipi?*

*Zebaki.* Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwenye mwalo, kisha huuchoma mchanganyiko ili zebaki iende na moshi. Moshi huo ukivutwa pumzi hufika ubongoni. Mwaka 2003 watafiti waliochunguza afya za watu wa Lwamgasa, Geita, walikuta dalili za sumu hiyo, ikiwemo mikono kutetemeka na miguu kukosa uratibu, hasa miongoni mwa waliochanganya na kuchoma. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, lakini moshi bado unafuka. Sumu hii huja polepole, kwa miezi na miaka. Kiharusi huja kwa dakika. Anayetetemeka tangu mwaka jana na akaanguka leo asubuhi anaweza kuwa na vyote viwili.

*Sindano zinazoumiza sikio.* Vumbi la mwamba huharibu mapafu na kuwafanya wachimbaji waugue kifua kikuu kirahisi. Kwa miaka mingi sindano za streptomaisini na kanamaisini ziliokoa maisha yao, lakini ziliweza kuua sehemu ya sikio inayopima mwendo, pande zote mbili. Kuanzia 2018 Shirika la Afya Duniani liliondoa kanamaisini katika tiba ya kifua kikuu sugu. Jentamaisini, ya jamii hiyohiyo, bado inatumika kwa maambukizi mazito. Aliyeumizwa na dawa hizi mara nyingi hazungukwi na nyumba; vitu hurukaruka mbele yake anapotembea, na gizani hupepesuka. Kipimo cha kukigeuza kichwa huonyesha mruko pande zote mbili.

*Kelele.* Drili, karasha na baruti huua usikivu taratibu, kwa kawaida masikio yote mawili. Mchimbaji aliyepungukiwa usikivu kwa miaka kumi asihesabiwe kuwa amepata uziwi wa ghafla, na mwenye uziwi wa ghafla asiambiwe "ni kelele za mgodini".

*Hewa chafu ndani ya duara, yaani shimo la machimbo.* Injini ya kuvuta maji ikiwashwa chini ya ardhi hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, na dalili kuu ni kwamba wanaugua watu kadhaa kwa pamoja. Zimeni injini, wapandisheni kwenye hewa safi, na mwokoaji asishuke bila tahadhari.

*Chembe zilizohama.* Huyu ndiye yule tuliyesema tutamrudia. Anageuka kitandani au anainua uso kutazama juu, dunia inazunguka kwa chini ya dakika moja, kisha inatulia. Chembe za chokaa zimetoka mahali pake na kuingia kwenye mfereji. Mhudumu anayejua hatua za kukigeuza kichwa kwa mpangilio huzirudisha, mara nyingi siku hiyohiyo, bila kidonge. Hiki si kiharusi.

Saa za kwanza

Kizunguzungu cha ghafla kisichokoma kinapoambatana na hata dalili moja kati ya hizi, chukulieni ni kiharusi:

- hawezi kukaa au kusimama bila kushikiliwa
- anaona vitu viwiliviwili
- sauti imekwama, maneno yanamtatanisha, au mate na maji vinampalia
- uso au ubavu umekufa ganzi
- sikio moja limeziba ghafla
- kichwa au shingo inauma kwa namna ambayo hajawahi kuisikia

Kisha:

1. Andikeni saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na baada ya picha ya kichwa.
2. Msimpe chakula, maji wala kidonge kwa mdomo mpaka mhudumu ahakikishe anameza vizuri.
3. Msimpe aspirini. Kama mshipa umepasuka, itaongeza kuvuja.
4. Msiishushe presha kwa nguvu nyumbani. Ubongo ulioziba mshipa unaitegemea.
5. Mlazeni kwa ubavu kama anatapika.
6. Mpelekeni hospitali yenye CT-Scan, na ombeni zahanati ipige simu mbele.

Hata kama saa nne na nusu zimepita, safari bado ina maana. Kiharusi cha ubongo wa nyuma huvimba, na uvimbe hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya nne. Ukilibana shina la ubongo, mgonjwa aliyekuwa akiongea jana anaacha kupumua. Upasuaji wa kupunguza mbano unaweza kumwokoa, ilimradi awe mahali anapoangaliwa. Kutoka Kahama njia hupitia hospitali ya rufaa ya mkoa, Shinyanga. Kutoka Geita, tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la wagonjwa linavuka kilomita 3 za maji bila kusubiri kivuko, na Bugando iko mbele yake.

Ubongo hujifunza upya

Aliyenusurika hujiona mzigo: hawezi kwenda kisimani, hawezi kushuka kwenye duara, gizani haamini miguu yake. Msimwache alale. Tangu miaka ya 1940, Terence Cawthorne na F. S. Cooksey walipoandaa mazoezi ya usawa huko Uingereza, inajulikana kwamba ubongo huzoea taarifa pungufu za sikio hasa pale unapolazimishwa kuzitumia. Baada ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kumpima, anakaa, ananyoosha kidole gumba mbele, anakitazama huku akigeuza kichwa pole pole kushoto na kulia, mara kadhaa kwa siku. Baadaye anafanya akiwa amesimama, kisha akitembea, ndugu akiwa karibu. Kiharusi cha shina la ubongo hupona polepole kuliko ugonjwa wa sikio, lakini wengi hurudi kutembea.

Muhtasari wa sura

- Kizunguzungu cha ghafla kisichokoma kinahitaji macho ya mgonjwa kuchunguzwa, hata kama kipimo cha malaria, presha na picha havikuonyesha kitu.
- Kichwa kikigeuzwa ghafla na macho yakabaki puani, shaka ihamie ubongoni.
- Asiyeweza kukaa mwenyewe hana "kizunguzungu tu".
- Zebaki, sindano, kelele na hewa ya duara huleta dalili zao, na hakuna hata moja inayomkinga mtu na kiharusi.
- Kila zahanati na kituo cha afya cha ukanda huu kinastahili angalau mhudumu mmoja aliyefundishwa vipimo hivi vitatu. Wananchi wanaweza kulidai hili katika vikao vya kijiji na kwa madiwani wao kama wanavyodai dawa na gari la wagonjwa, kwa kuwa gharama yake ni mafunzo, na faida yake ni mtu kuvushwa daraja akiwa bado anapumua mwenyewe.